Deni Si Lako, Laini Si Yako: Namna ya Kutambua na Kutatua Wizi wa Utambulisho

Mtu anaweza kukopa kwa jina lako akiwa Tunduma nawe uko Tanga, na msionane maisha yenu yote. Hapa Tanzania karibu kila laini, kila akaunti na kila mkopo husimama juu ya vitu vinne: namba ya NIDA (ya kitambulisho cha taifa), alama ya kidole, laini ya simu na namba ya siri. Mwizi hahitaji vyote. Viwili vinamtosha, na mara nyingine kimoja humpatia kingine. Kwa hiyo dalili ikijitokeza, jiulize kwanza ni kipi kati ya hivyo vinne kimekutoka. Kila kimoja kina ofisi yake na utaratibu wake, na ukianzia mahali pasipohusika unampa mwizi muda.

Jambo moja nalitanguliza kwa sababu limewagharimu wengi: usilipe deni lisilo lako ili yaishe. Najua aibu ya kupigiwa simu mbele ya watu, na najua vitisho vinavyotumwa. Lakini ukilipa hata shilingi elfu tano, kwenye kumbukumbu za mkopeshaji inasomeka kwamba mkopaji ameanza kurejesha. Siku utakapoandika kwamba hukukopa, utaulizwa ulikuwa unalipa nini.

Simu imekata mtandao ghafla

Sababu huwa tatu: mnara una hitilafu, kadi ya laini imechakaa au imelegea, ama kuna mtu amerudisha laini yako kwenye kadi nyingine, au amerenyu laini kama wanavyosema mitaani. Hiyo ya tatu ndiyo inayomaliza akaunti ndani ya nusu saa.

Kuzitofautisha hakuhitaji fundi. Muulize aliye karibu nawe anayetumia mtandao kama wako. Kama naye hana, ni mnara. Kama yeye yuko hewani, chomoa kadi yako uiweke kwenye simu nyingine. Ikisoma, ubovu uko kwenye simu yako. Ikikataa huko nako, azima simu upige namba yako mwenyewe. Ikiita wakati kadi uliyoishika haina mtandao, namba yako iko kwenye kadi ya mtu mwingine. Ikisema haipatikani usijipe moyo haraka, maana mwizi anaweza kuwa ameizima kwa muda. Chukulia kwamba imeibwa hadi kampuni ikuambie vinginevyo.

Kwa simu hiyohiyo ya kuazima, ya mtandao kama wako, piga 100, huduma kwa wateja. Sema wazi: "Laini yangu imerudishwa na mtu mwingine. Naomba mfunge laini na mfunge akaunti ya pesa." Taja vyote viwili, kwa sababu wengi huomba laini tu. Halafu piga benki papo hapo, usingoje asubuhi. Laini yako ndiyo inayopokea tarakimu za uthibitisho za benki, na mwizi aliyeishika anaweza kuomba nywila mpya kana kwamba ni wewe uliyesahau ya zamani. Baada ya hapo nenda duka la kampuni yenyewe, si kwa wakala wa mwamvuli, ukiwa na kitambulisho. Laini ikirudi, badilisha namba ya siri ya pesa, ya benki na nywila ya barua pepe kabla hujatoka dukani. Omba pia uandikiwe siku na saa laini iliporudishwa, na ilirudishiwa wapi. Kumbukumbu hiyo ipo kwenye mfumo wao, na polisi wataihitaji.

Mara nyingi kuna simu iliyotangulia, siku moja au mbili kabla. Sauti ya upole inakuita "ndugu mteja", inadai kuhakiki usajili wako, na inauliza mambo yanayoonekana hayana madhara: namba ulizopigia karibuni, salio lako la mwisho, kiasi ulichoweka jana. Hayo ndiyo maswali ambayo huulizwa mtu anayetaka kurudisha laini iliyopotea. Anayekupigia anakusanya majibu. Kama umeshamjibu, usisubiri mtandao ukate. Piga 100 uwaambie wasirudishe laini yako bila wewe kufika dukani, kisha badilisha namba ya siri siku hiyohiyo.

Kuhusu namba ya siri, angalia namba yako ya NIDA. Ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa. Kila mlinzi wa getini, kila nyumba ya wageni na kila duka la kutoa nakala lililoona kitambulisho chako linazijua. Ukiweka mwaka wa kuzaliwa kuwa namba ya siri, umeiandika juu ya kadi.

Kama simu yenyewe imeibwa, tatizo ni lingine lakini hatua ni zilezile, kwa sababu mwizi atachomoa laini yako na kuiweka kwenye simu isiyo na kufuli. Kinga yake ipo kwenye kila simu na ni wachache wanaoitumia: weka PIN kwenye laini, siyo kwenye simu tu. Akikosea mara tatu inajifunga na kudai PUK, yaani namba ya kuifungua laini iliyojifunga. Iandike PUK yako mahali pengine, kwa sababu nawe ukikosea utaihitaji.

Kwa walioko Oman, Dubai au Ulaya wenye laini ya nyumbani iliyosahaulika kabatini: laini isiyotumika hufungwa baada ya miezi kadhaa, na namba yake hupewa mteja mwingine. Kama benki yako ya Dar es Salaam bado inatuma tarakimu za uthibitisho kwenye namba hiyo, badilisha namba benki kabla laini haijafa.

Unadaiwa mkopo usioujua

Hapa ndipo watu hukosea zaidi, kwa sababu dalili ni moja na sababu ni nyingi. Kabla ya kujibu chochote, soma ujumbe taratibu: unataja jina gani, mkopo wa taasisi gani, na wanataka ulipe kwenye namba gani?

Jina si lako? Huenda namba uliyonunua ilikuwa ya mtu mwingine, ikafungwa, ikauzwa upya. Deni ni la aliyetangulia. Mwandikie mkopeshaji kwamba namba imebadilisha mmiliki, taja tarehe uliyoisajili, na umtake aiondoe kwenye faili. Usimpe namba yako ya NIDA kwa simu "ili ahakiki". Dukani kwa kampuni ya simu watakuthibitishia umeisajili lini.

Jina ni la ndugu, jirani au mfanyakazi mwenzako? Basi hujaibiwa, umetajwa. Programu nyingi za mikopo ya mtandaoni, zile zinazoitwa kausha damu, humtaka mkopaji aziruhusu zisome orodha yake ya namba. Akichelewa kulipa, ujumbe unamwagwa kwa kila aliyemo: bosi, mchungaji, mkwe. Kuandikwa kwenye simu ya mtu hakukufanyi mdhamini. Mdhamini husaini. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni, kwa hiyo angalia kwanza kama anayekudai ana leseni. Piga picha ya skrini kila ujumbe, wa mwenye leseni na wa asiye nayo. Kusambaza taarifa za mtu namna hii ni suala la Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na malalamiko yake hupokelewa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Namba ya kulipia ni ya mtu binafsi? Hilo ni tapeli anayevua samaki gizani. Mkopeshaji halali hakutumii namba ya mtu. Ujumbe upeleke kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli, pamoja na namba iliyoutuma. Usimpigie kumtukana. Ukimpigia amejua kwamba namba yako ina mtu wa kuongea naye.

Jina ni lako, taasisi ni ya kweli, na mkopo ni wa kwenye simu, kama Songesha, M-Pawa, Nivushe au Timiza? Mkopo wa aina hii huchukuliwa kwa laini yenyewe na namba yake ya siri. Kama laini haijawahi kukata mtandao wala kutoka mkononi mwako, aliyekopa aliishika simu yako na anaijua namba ya siri. Nasema hili kwa uchungu kwa sababu ni gumu kulisikia: mara nyingi ni mtu wa nyumbani, au kijana anayekusaidia kutuma pesa, au wakala uliyempa simu akubonyezee. Wazee ndio wanaoumia zaidi. Mama anampa wakala simu pamoja na namba ya siri kwa sababu macho hayaoni vizuri, na wakala anafungua menyu ya mikopo baada ya kumaliza kutoa pesa. Omba taarifa ya miamala ya siku mkopo ulipoingia. Itaonyesha pesa ilikwenda namba gani dakika chache baadaye, na namba hiyo ndiyo jibu. Ukishaijua, amua wewe na familia yako kama mtakaa kikao au mtakwenda polisi, ila badilisha namba ya siri kabla ya kikao.

Na ikiwa jina ni lako, namba ya NIDA ni yako, lakini namba ya simu iliyopokea mkopo huijui, huo ndio wizi wa utambulisho wenyewe. Endelea sehemu inayofuata, kisha rudi kwenye barua mwishoni.

\*106# imeonyesha namba ambazo si zako

Kila mwenye kitambulisho angepiga \*106# leo, hata kama hana dalili yoyote. Menyu inakuonyesha jina ulilosajiliwa nalo, na ina sehemu ya kuangalia namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Piga kwa kila mtandao ulio na laini yake. Kenya nako \*106# hutumika kwa kazi hiyohiyo, na wateja wa Safaricom wanaweza kupiga \*100\*100# kuzuia laini isirudishwe na mtu mwingine.

Namba ngeni zinaingiaje? Tangu Mei 2019 usajili wa laini ni kwa alama za vidole, na ungedhani kidole hakiibiki. Kinaibika ukiwa umesimama palepale. Unakwenda kwa kijana wa mwamvuli kusajili laini moja. Unaweka kidole. "Imekataa, mama, futa jasho uweke tena." Unaweka. "Mtandao unasumbua, tena kidogo." Kila kidole kinachokubaliwa kimya kimya ni laini nyingine iliyosajiliwa kwa jina lako, na itauzwa kwa mtu asiyetaka jina lake lijulikane. Ndiyo maana zile laini za "ile pesa tuma kwenye namba hii" ukizifuatilia huonyesha jina la mtu ambaye hajawahi kumtapeli yeyote.

Kama unakumbuka siku kidole kilipokataa mara kadhaa, tarehe hiyo ni ushahidi. Iandike pamoja na mahali. Nenda dukani kwa kampuni ya kila namba ngeni na kitambulisho chako, uzikane namba hizo kwa maandishi, na uombe uthibitisho kwamba zimefungwa. Usizinyamazie kwa kuwa hazikusumbui. Laini ikitumika kutapeli, kwenye kumbukumbu mmiliki ni wewe, na polisi wataanza na mwenye jina. Mtu aliyezikana mapema, akiwa na karatasi, ana la kusema.

Siku ukirudi kusajili, muulize wakala jibu la mfumo kabla ya kuweka kidole mara ya pili. Akisema imekataa, akuonyeshe ujumbe wa kukataa kwenye skrini. Kisha piga \*106# ukiwa bado mbele yake.

Ukipigiwa, anapokea mtu mwingine

Simu yako ina mtandao, unatuma ujumbe vizuri, lakini wanaokupigia wanasema amepokea mwanaume wasiyemjua. Laini haijaibwa, simu zako zimeelekezwa kwingine. Kuna mtu alikwambia ubonyeze namba inayoanza na \*21\* ili upate zawadi au urekebishiwe huduma. Piga \*#21# uone zinaelekezwa wapi, andika hiyo namba, kisha piga ##002# kufuta maelekezo yote. Usifute kabla ya kuandika. Madhara yake ni makubwa kuliko yanavyoonekana, kwa sababu baadhi ya huduma husoma tarakimu za uthibitisho kwa kupiga simu.

Rafiki zako wanaombwa pesa kwa jina lako WhatsApp

Ulimpa mtu tarakimu sita zilizokuja kwa ujumbe, pengine ukiamini ni za kuingia kwenye kundi la harusi au la dini. Usifungue laini mpya. Ingia WhatsApp kwa namba yako, subiri tarakimu mpya, ziweke. Ukiziweka tu, mwizi anatolewa. Kama aliweka PIN ya hatua mbili, utasubiri siku saba kabla ya kuingia, lakini hata yeye hayumo tena. Ukiingia, weka PIN yako ya hatua mbili na uondoe kila kifaa kilichounganishwa usichokijua. Wapigie simu ndugu wa karibu badala ya kuandika kwenye hali (status) pekee, kwa sababu pesa hutumwa na wale wanaokupenda haraka kuliko wanavyosoma.

Benki imekataa kukukopesha, au mshahara una makato mageni

Wengi hugundua wizi hapa, miezi mingi baada ya kufanyika. Benki zinapokagua ombi lako huangalia taarifa zako kwenye kampuni za kuchakata taarifa za wakopaji zenye leseni ya Benki Kuu, kama Creditinfo na Dun & Bradstreet, zinazofanya kazi chini ya kanuni za 2012. Una haki ya kuiona taarifa inayokuhusu. Muulize afisa wa benki aliyekukatalia ameisoma kwa nani, kisha uiombe huko. Ipitie mstari kwa mstari: mkopeshaji, tarehe, kiasi, namba ya simu, anwani. Mkopo wa zamani uliokwisha lakini haujafutwa ni kosa la kumbukumbu, na hurekebishwa na taasisi iliyoutoa. Mkopo wenye anwani ya mji ambao hujawahi kuishi ni wizi. Pinga kwa pande zote mbili, mkopeshaji na kampuni ya taarifa, kwa sababu kampuni ya taarifa haiwezi kufuta kitu ambacho mkopeshaji anaendelea kukileta kila mwezi.

Kwa mtumishi wa umma, makato mageni kwenye hati ya mshahara huwa yameanzia kwenye nywila ya ESS, mfumo wa mtandaoni ambao mtumishi huingia kuona taarifa zake na za mshahara. Afisa mikopo aliyekuja ofisini na kishikwambi akakwambia "niachie nywila nikumalizie" ameweza kuona mshahara wako wote na zaidi ya hapo. Badilisha nywila, kisha muone afisa utumishi wako kwa maandishi mwezi huohuo. Makato yaliyonyamaziwa miezi sita ni magumu kuyapinga kuliko ya mwezi mmoja.

Si kila mara shabaha ni fedha. Juni 2021 Wakenya wengi walipoingia kwenye eCitizen, mfumo wa mtandaoni wa huduma za serikali yao, walijikuta wameandikishwa uanachama wa vyama vya siasa ambavyo hawakuwahi kujiunga navyo. Hapa kwetu ukipata ujumbe wa TRA, Mamlaka ya Mapato, kuhusu biashara usiyoijua, nenda ofisi yao ya wilaya na kitambulisho, uangalie TIN (namba ya mlipakodi) iliyofunguliwa kwa namba yako ya NIDA na uikane kabla kodi haijalimbikizwa.

Barua, na inakokwenda

Anza polisi. Chukua RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi, na ueleze kosa kama lilivyo: mtu ametumia utambulisho wako. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 15, inalishughulikia kosa la kujifanya mtu mwingine kwa mfumo wa kompyuta, kwa hiyo usikubali liandikwe kuwa "ugomvi wa madai". Kisha mwandikie mkopeshaji barua fupi. Haihitaji wakili:

"Mimi (jina), mwenye kitambulisho namba (…), nakanusha mkopo namba (…) wa tarehe (…). Sikuuomba, sikuupokea, na namba ya simu iliyoupokea si yangu. Nimeripoti polisi, RB namba (…). Naomba nakala ya fomu ya maombi, picha, alama ya kidole au saini iliyotumika, na namba ya akaunti iliyopokea fedha. Naomba msitishe kudai na msitishe kupeleka taarifa hii kwa kampuni za kuchakata taarifa za wakopaji hadi uchunguzi ukamilike."

Sentensi ya kuomba nakala ndiyo yenye nguvu. Mkopeshaji ambaye hana saini wala kidole atapata shida kuonyesha kwamba ulikopa wewe, na mwenye saini bandia amekupa ushahidi. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa irudi nawe. Wasipojibu, au wakikujibu kwa simu tu, peleka barua hiyo yenye muhuri kwenye dawati la malalamiko la Benki Kuu. Watakuuliza kama ulianzia kwenye taasisi yenyewe, na muhuri ndio utakaojibu. Suala la laini lipeleke TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano. Tunza karatasi zote hata baada ya deni kufutwa, kwa sababu madeni ya mtandaoni huuzwa kwa wakusanyaji wengine, na anayekupigia mwakani hatakuwa ameona barua yako.